Miswaki ya Butoyi

Kwetu Kasulo, mtu akikuta njiani kijiti kilichotafunwa ncha hadi kikatoa nyuzi, hakigusi. Anakizunguka. Akiwa mtu mzima mwenye malezi, anachuma jani, anakishika kwa jani, anakitupa motoni penye moto au kichakani pasipo na moto. Mate ya mtu ni ya mtu. Tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Ndiyo maana hata leo nikimkumbuka Zita Butoyi natabasamu peke yangu: mwanamke mwenye adabu kuliko wengi niliowahi kuwajua, ambaye siku moja alisimama katikati ya gulio, jua limewaka, akamwomba dereva asiyemjua ampe mswaki uliokuwa mdomoni mwake.

Zita alivuka mpaka kuingia Tanzania mwaka tisini na sita, akitokea Muyinga, vita vya Burundi vilipofika hadi kwenye mashamba ya kwao. Akapelekwa kambi ya Lukole. Wakati huo vilima vyetu vilikuwa vimekwisha kunyolewa. Wanyarwanda waliomtangulia kwa miaka miwili walikuwa wengi kuliko miti, na mahindi makavu ya msaada hayaivi kwa maombi. Kila palipokuwa na pori palibaki visiki, na baadaye visiki navyo viling'olewa. Mama yangu, Domisiana, alibakiwa na uzio wake wa msagara. Ulinusurika kwa sababu mbili: matawi ya msagara ni membamba, hayachemshi chungu, na mama alikuwa akikaa karibu nao na panga mapajani, akichambua maharage.

Hapo uzioni ndipo walipokutana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni kuni, hakuna."

"Si kuni. Naomba vitawi vya umusagara. Vidogo tu. Vya meno."

Mama alimtazama vizuri. Msichana mrefu, kitenge kimechakaa lakini kimefuliwa, meno meupe kama mbegu za boga.

"Si mnagawiwa miswaki ya bure huko kambini? Nimeona maboksi kwa macho yangu."

"Tuligawiwa, mama. Mmoja kwa kila nyumba."

"Mmoja! Sasa mnafanyaje, mnapokezana?"

"Hapana, jamani! Jirani yangu mmoja anasugulia kola ya shati lake la kanisani. Mwingine anachanulia nywele za mtoto."

Mama alicheka hadi panga likaanguka. Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo walikwisha kuacha Kiswahili na kuzungumza kila mmoja lugha ya nyumbani kwake. Walikubaliana kwamba Zita atakata vitawi, na kwa malipo atapalilia maharage. Kisha mama akauliza jina.

"Zita. Zita Butoyi."

Kwa watu wa pande hizi jina hilo halisimami peke yake. Wakizaliwa pacha, wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na ukimwona Butoyi jicho lako linapita begani kwake kumtafuta mwenzake. Zita alikuwa ameulizwa swali hilo na kila mtu: na karani wa kambi, na padri, na wanawake kwenye foleni ya maji. Mama naye akaliuliza, kwa sauti ya chini.

"Na Bukuru yuko wapi?"

"Ndiye ninayemtafuta," alisema Zita.

*

Baba yao aliitwa Matiasi, mkulima wa maharage na mtu wa sheria moja tu. Sheria yenyewe ilikuwa hii: kinywa kilicholala hakisalimu. Katika nyumba yake hakuna aliyefungua mdomo asubuhi kabla ya kuusafisha. Watu waliamka, wakaonana, wakapishana kimya kama watu waliogombana, kila mmoja akaenda uani na kijiti chake. Wageni waliolala pale walidhani wamechukiza. Baada ya kusukutua tu ndipo baba alipogeuka, uso umefunguka, akaita salamu kwa kila mtu kwa jina lake, kana kwamba amewakuta safarini.

"Neno la kwanza la siku unampa mtu kama unavyompa chakula," alikuwa akisema. "Utampa kwenye sahani chafu?"

Alikuwa na namna yake ya kukata mswaki. Wengi huvunja kitawi, wakamenya ncha, basi. Matiasi alikata chini ya kifundo, akamenya ncha kiasi cha kucha ya kidole gumba, kisha kwenye gome lililobaki akachora mchirizi mwembamba kwa kisu, ukizunguka kijiti kutoka chini kwenda juu. Mchirizi ule haukuwa pambo. Asubuhi za Muyinga zina umande, vidole vina maji, na kijiti chenye gome laini huteleza kikachoma ufizi. Penye mchirizi kidole kinashika.

Pacha wake wawili aliwafundisha siku moja, wamekaa wakitazamana, kijiti na kisu kwa kila mmoja. Zita alikata kama baba. Mchirizi wake ulipanda ukielekea kulia. Bukuru alikuwa na mashoto. Mwalimu wa shule alimchapa kwa ajili hiyo, katekista alimfunga mkono huo kwa kitambaa, na wala haukubadilika. Mchirizi wake ulipanda ukielekea kushoto.

Baba aliviweka vijiti vile pamoja, akavitazama kwa muda. Kisha akawapeleka shambani, penye maharage ya kupanda, akawaonyesha jinsi mashina yanavyozunguka miti yake.

"Angalieni. Hili linakwenda kulia. Na hili. Na lile. Shamba zima, tangu babu yangu, maharage yote hupanda upande mmoja." Akamgeukia mwanawe. "Sasa wewe Bukuru ni haragwe gani?"

"Mimi nimekuja na mbegu yangu," alijibu Bukuru.

Baba alicheka siku nzima. Tangu hapo akimwita Bukuru shambani alimwita Haragwe, na hakumkataza tena kutumia mkono ule.

Siku ya kukimbia, baba alikwisha kuzikwa. Walikuwa njiani pamoja na watu wa kilima kizima, bunduki zikalia mbele yao, msururu ukapasuka vipande viwili kama nguo. Zita alijikuta upande huu akiwa ameshika sufuria ya mama yao. Bukuru alikuwa upande wa pili na mbuzi. Zita hakuwa na picha yake. Hakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu na kusema, ni huyu.

*

Huko Lukole Zita alikaa jirani na mtu aitwaye Aron, Msabato, mshonaji wa viatu, mwenye maoni juu ya kila kitu. Maboksi mengine ya miswaki ya plastiki yalipofika, Aron alipokea wake kwa heshima, akaunusa, akaurudisha ndani ya karatasi yake.

"Haya ni manyoya ya nguruwe," alitangaza.

"Ni plastiki, Aron," Zita alimwambia. "Unaona yanang'aa?"

"Na nguruwe aliyeoga hang'ai? Mimi nilisoma. Mwalimu wetu alitueleza: Wachina ndio walioanza, wakachukua nywele za nguruwe wa nchi za baridi, zile za shingoni, wakazipachika kwenye mfupa. Wazungu wakaiga. Mamia ya miaka mabwana wakubwa wanasugua meno yao kwa nguruwe! Na hakuna aliyewaambia."

"Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi ni nailoni."

"Nani amenihakikishia? Wewe ulikuwepo kiwandani?"

Kuhusu historia Aron alikuwa sahihi, kuhusu mswaki ule alikosea, na hakuna mtu mgumu kumgeuza kama huyo. Aliuzika nyuma ya choo. Waumini wenzake wakasikia, wakaja na yao mmoja mmoja, kwa tahadhari, wakauliza kama ni kweli. Wiki hiyo Zita alipata wateja wengi kuliko alivyowahi kuota. Alikuwa ameanza kukata vijiti kwa ajili yake tu. Sasa akawa anabeba kikapu.

Ndipo wazo lilipomjia. Ningependa kusema lilimjia kanisani au katika ndoto, lakini yeye alimweleza mama kwamba lilimjia akipalilia, akiona kijiti chake mdomoni mwa mtu aliyekuwa anapita barabarani kuelekea Ngara. Kijiti kile kilikuwa kinakwenda mahali ambapo yeye hakuruhusiwa kwenda. Mkimbizi hakutoka nje ya eneo lake bila kibali. Aliyekamatwa mbali aliwekwa ndani, na wengine walirudishwa mpakani. Lakini mswaki hauulizwi kibali. Kama Bukuru yuko hai, yuko mahali fulani katika nchi hii, na kila asubuhi, kabla ya kusalimu, anatafuta kijiti. Akikutana na mchirizi wa baba, atajua.

Basi akaanza kukata kwa wingi, na kwa kuwa mikono miwili haikutosha, akawafundisha wanawake wa mtaa wake. Miswaki yenye mchirizi ikajaa gulio la Kasulo, ikapanda malori, ikafika Ngara mjini, ikafika Biharamulo, ikauzwa karibu na boma la Wajerumani. Kila fungu lililoondoka, Zita alilisindikiza kwa macho.

Ikawa siku moja mwanamke mmoja akarudi mbio kutoka kisimani. "Zita! Kuna mtu amekuja kutoka Biharamulo, ana mswaki wa baba yenu!"

Zita aliacha maji yakimwagika. Alikimbia kambi nzima bila viatu. Alimkuta mzee akisugua meno kwa utulivu, akamwomba auone, akauona. Mchirizi ulipanda kulia. Chini yake, karibu na kifundo, palikuwa na kosa dogo, kisu kimeteleza, kosa ambalo mwanafunzi wake mmoja alilifanya kila mara. Kijiti kilichotoka kikapuni mwake mwenyewe kilikuwa kimezunguka wilaya mbili kikamrudia.

Siku ile alikuja kwetu, akakaa chini ya uzio bila kukata chochote.

"Nimeichafua alama ya baba, mama," alisema. "Nilitaka imwite Bukuru. Sasa ni ya kila mtu. Nikiiona siwezi kujua tena."

Mama yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliendelea kuchambua maharage, akatupa mabovu, akaweka mazuri.

"Na yake ilikuwa kama ya baba yako?" aliuliza.

Zita aliinua kichwa.

Kuanzia kesho yake akatoa amri ambayo wanawake wa Lukole waliicheka kwa miaka: hakuna kukata kwa mkono wa kushoto. Alikuwepo msichana mmoja mwenye mashoto, mwenye kisu chepesi kuliko wote. Zita alimpa kazi ya kufunga mafungu.

"Dada Zita, wewe ambaye kaka yako ana mashoto ndiye unayetunyanyasa!" wakamtania.

"Mkono huo una mwenyewe," alijibu. "Ninamtunzia."

*

Desderius alikuwa Mhaya, dereva wa lori, mtu wa kifua kipana na maneno mapana zaidi. Alikuwa akileta mahindi. Siku hiyo ya gulio alikuwa ameegemea tairi, mswaki upo pembeni mwa mdomo, akiwasimulia wapagazi jinsi alivyowakimbia majambazi wa porini, ingawa sote tulijua kwamba magari yalivuka pori lile kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma.

Zita alipita na kikapu. Akapita, akasimama, akarudi.

"Kaka, samahani. Huo mswaki."

"Umefanyaje?"

"Naomba niuone, tafadhali."

"Si unauona?"

"Naomba niushike."

"Uushike! Dada, mimi nina mikono miwili, yote mizima." Wapagazi wakacheka. "Unataka mswaki au unamtaka mwenye mswaki?"

"Nataka mswaki. Nipe huo, nikupe fungu zima la mipya."

Kicheko kilikatika. Mtu mwenye kikapu cha miswaki mipya, akiomba uliokwisha kutafunwa: kila mtu pale alipiga hesabu ile ile. Desderius aliutoa mdomoni, akaufumbata.

"Anataka mate yako!" alisema mpagazi mmoja.

"Atakuwa ametumwa."

"Wewe Mrundi, unapeleka wapi mate ya mtu?"

Mtu akavuta kikapu, vijiti vikamwagika vumbini. Mwingine akamshika Zita mkono. Katika miaka ile wanawake walikuwa wameuawa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, wengine kwa macho mekundu tu. Zita hakukimbia. Alikuwa anatazama ngumi ya dereva kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yao.

"Nani anamshika mwanangu?"

Mama yangu alikuwa ameacha maharage yake yamwagike kwenye turubai, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikuja akipasua watu kwa viwiko.

"Mama, huyu ni mchawi! Anataka mate ya dereva!"

"Mate ya huyu?" Mama alimpima Desderius kuanzia kofia hadi kandambili. "Mchawi mwenye akili angechagua mtu wa maana. Wewe baba, unavuta sigara, unakunywa gongo, mate yako yatamdhuru yeye kwanza. Mwachieni! Zita, sema. Sema kwa sauti, kwa Kiswahili, wakusikie."

Zita aliinama, akaokota kijiti kimoja kipya vumbini.

"Tazameni, huu nimekata mimi. Mchirizi unapanda kulia. Kambi nzima inakata hivi, hata ninyi mnainunua. Sasa mwambieni afungue mkono. Wake unapanda kushoto. Mkikuta unapanda kulia, nifanyeni mnavyotaka."

Watu wakamtazama Desderius. Desderius akatazama ngumi yake kama iliyoshika nyoka. Akaifungua polepole. Vichwa vikasogea, vikagongana.

"Kushoto," alisema mpagazi yule yule.

"Kweli. Kushoto."

"Ni mkono wa kaka yangu," alisema Zita. "Mimi ni Butoyi. Huyo ni Bukuru."

Jina hilo lilifanya kazi ambayo maelezo yasingeifanya. Aliyemshika akamwachia, akarudi nyuma, maana kwa watu wetu pacha hawaguswi ovyo. Mwanamke mmoja akaanza kuokota vijiti na kuvirudisha kikapuni, akivipuliza vumbi.

"Nimenunua Nyakanazi," alisema Desderius, sasa kwa sauti ya mtu wa kawaida. "Pale magari yanapolala kusubiri msafara. Asubuhi abiria wanaamka vinywa vinanuka, yupo jamaa anawapitia. Hasemi sana. Akicheka anaziba mdomo. Jina lake silijui, sisi tunamwita Mashoto."

Kisha akafanya jambo ambalo kwa ajili yake nilimsamehe maneno yake yote. Alichomoa kisu, akakata ile ncha aliyoitafuna, akaenda nayo mwenyewe hadi kwa mama muuza chai, akaitupa motoni na kusubiri iungue. Akarudi na kipande kilichobaki, chenye gome na mchirizi, akakiweka kwenye kiganja cha Zita.

"Mate ni yangu," alisema. "Mkono huo ni wako."

*

Zita alimpa Desderius mswaki mmoja, aliouchagua kwa muda mrefu kuliko mtu anavyochagua nguo ya harusi.

"Mpe. Usimwambie kitu."

"Nisimwambie kitu? Dada, mimi ni dereva. Nikinyamaza gari haliendi."

Lori likaondoka. Wiki ikapita, na nyingine. Mahindi yaliletwa na madereva wengine. Zita alipalilia maharage yetu hadi hayakuwa na hata jani moja la kupalilia, na bado alikuja. Aron, ambaye hakuweza kuona tumaini bila kulipima, alikuja naye mara moja, akakaa mlangoni kwetu na miguu yake mirefu.

"Zita, usiweke moyo wote. Wenye mashoto ni wengi duniani. Wabenyamini wa kwenye Biblia walikuwa na jeshi zima."

"Hawakuwa wakikata miswaki, Aron."

"Huwezi kujua."

"Na kama ni yeye," alisema Zita, "kwa nini hakunitafuta? Miswaki yangu imefika Nyakanazi. Ameiona. Amekata yake na kukaa kimya."

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Kifo alikwisha kukiwaza, akakizoea kama mtu anavyozoea jiwe ndani ya kiatu. Hakuwahi kuwaza kwamba Bukuru anaweza kuwa hai na asitake kupatikana.

Lori lilikuja asubuhi, msafara ulipofika. Zita alikuwa kwenye mistari ya maharage, mama alikuwa uzioni, na Aron alikuwa amekuja kumshonea mama kandambili. Desderius alipiga honi barabarani kama mtu anayeleta bibi harusi. Mlango wa upande wa pili ukafunguka, akashuka mwanamume mwembamba, shati la utingo limemzidi, uso umevimba usingizi wa kwenye gari. Mdomo ameuziba kwa kiganja.

Zita alidondosha jembe. Alikimbia juu ya maharage, akiyakanyaga, na mama hakusema kitu. Alikuwa amekwisha kufungua mikono na mdomo, jina lipo tayari ulimini, pale mwanamume yule alipoinua mkono wa kushoto, kiganja mbele.

Zita akasimama.

"Nini tena?" alisema Desderius. "Nimemleta kwa hatari, nimemwambia polisi ni utingo wangu, sasa anamzuia?"

Mwanamume hakujibu. Alionyesha kisu kilichokuwa kiunoni kwa Zita, akaonyesha uzio wa msagara. Zita alimpa kisu. Uso wake ulikuwa unacheka. Mwanamume alikata kitawi chini ya kifundo, akamenya kiasi cha kucha ya gumba, na kwa mkono wa kushoto, bila haraka, akachora mchirizi. Kisha akamrudishia kisu, naye Zita akakata wake. Mama akaenda kuchota maji katika kibuyu, haulizi kitu. Yeye alikuwa ameelewa kabla ya sisi wengine.

Wakakaa kwenye gogo, bega kwa bega, wakaanza kusafisha vinywa.

"Watu hawa!" alisema Aron. "Miaka yote hiyo! Salimianeni basi!"

"Nyamaza," mama alimwambia.

Ili kusugua, Bukuru ilibidi aondoe kiganja. Meno ya mbele, ya juu, hayakuwepo. Palikuwa na ufizi tu, na mdomo wenye kovu mahali kitu kizito kilipompata, siku ile njiani. Zita aliona. Nilimwona akiona: jinsi kijiti chake kilivyosimama, jinsi alivyoelewa kwa mara moja kiganja kile, ukimya ule wa Nyakanazi, na miswaki iliyomwita asiitike. Mtoto wa Matiasi, mwenye kinywa cha aibu; alikuwa akiwauzia wengine usafi wa meno ambayo yeye hana, na hakutaka dada yake ampokee hivyo. Bukuru aligeuza uso pembeni. Akaendelea kusugua ufizi kwa upole, kama mtu anayefuta kaburi.

Zita hakusema kitu, maana alikuwa hajasukutua. Alichokifanya ni kumshika kidevu, akaurudisha uso ule kwenye mwanga, akaendelea na meno yake, huku anamtazama.

Walimaliza. Walisukutua, wakatema, kila mmoja upande wake, kama walivyofundishwa. Zita alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Waramutse, Haragwe," alisema.

Ni salamu ya kwao ya asubuhi, ya kumuuliza mtu kama ameuvuka usiku. Bukuru alifungua mdomo wote, bila kiganja, pengo na kila kitu, akamwitikia kwa jina. Desderius alikwenda nyuma ya lori lake, akakaa huko akikagua tairi ambalo halikuwa na kasoro.

Mama yangu alichuma jani la mgomba. Akaviokota kwa jani vile vijiti viwili walivyokuwa wametumia, akavipeleka jikoni, akavitia motoni pamoja.